Fungu Nililomwibia Baba

Nyumbani kwetu Chemba, mbuzi akichinjwa kila sehemu ina mwenyewe. Kichwa na miguu ni vya waliochuna, utumbo ni wa akina mama, kidari ni cha mgeni, na ini ni la baba. Baba alilichoma mwenyewe kwenye makaa, akalila polepole juu ya kigoda chake, sisi watoto tukimeza mate kwa mbali. Hakuna aliyethubutu kuomba. Kula fungu la mwenzako ilikuwa aibu, na ukilila lazima ulirudishe, hata kama ni mwaka wa pili.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoliiba. Baba aliinuka kwenda kumpokea mgeni, nami nikalinyakua ini kwenye makaa, nikakimbilia nyuma ya zizi. Nililibugia likiwa la moto, nikaungua ulimi, utamu wake sikuujua. Baba aliporudi akakuta makaa matupu na mbwa wetu amelala karibu. Akamchapa mbwa fimbo za kutosha. Nilisikia kila fimbo nikiwa nyuma ya zizi, na nikanyamaza. Nikanyamaza kwa miaka ishirini na tano.

Wanaonifahamu hawataamini, maana mimi si mtu wa kunyamaza. Nafanya kazi masjala, kwenye wizara moja hapa Dodoma, na faili likitoka bila kusainiwa nitamfuata mkurugenzi hadi mlangoni kwake. Kaka yangu husema nilizaliwa na muhuri mkononi.

Kisha tumbo la baba likaanza kujaa maji na macho yake yakawa ya njano. Kijijini wakasema ni pombe, na hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu baba hajawahi kunywa hata togwa iliyolala ikachacha. Nikamchukua nikamleta kwangu Mkonze, hapa mjini. Hospitali wakasema ni homa ya ini ya miaka mingi, iliyomla kimyakimya. Daktari hakuzunguka. Alisema ini limekufa, miezi iliyobaki ni michache, na njia ni moja: ndugu mzima wa afya akatwe kipande cha ini apewe baba, huko India. Kipande kitakua ndani ya baba, na kilichobaki kitakua ndani ya ndugu. Nilimwomba arudie hilo la kukua, akarudia.

Kaka alijitokeza wa kwanza, kifua mbele, kama mtoto wa kiume. Vipimo vikasema ini lake limejaa mafuta. Miaka yote ya chipsi mayai za mtaani Miyuji ilimsaliti siku hiyo moja. Ndipo nikapimwa mimi, na kila karatasi iliyorudi ilisema nafaa. Nilizipanga karatasi zile kwenye jalada, nikazitia namba. Nilijivuna kabla hata sijakatwa.

Baba akakataa.

"Mimi nimekula chumvi nyingi, mama," aliniambia. Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Wewe una watoto. Mzazi hali kilicho ndani ya mwanawe."

Nikambembeleza siku ya kwanza. Siku ya pili nikamfokea, kisha nikajifungia jikoni nikalia, maana sijawahi kumfokea baba yangu. Mama, aliyekuja naye kutoka Chemba, akamsihi pia, akashindwa. Siku ya tatu baba akaacha kabisa Kiswahili, akawa ananijibu kwa lugha ya nyumbani, ile ya kugongesha ulimi. Baba akifika huko ujue amefunga mlango na ufunguo ameuficha.

Asubuhi ya nne nilimpelekea uji barazani. Mikono yake ilikuwa imekonda mpaka kikombe kilimshinda, nikamshikia. Sijui kilichonisukuma. Nilijikuta nasema:

"Baba, unakumbuka lile ini lililoliwa na mbwa?"

Akanitazama. "Siku tuliyopata mgeni."

"Siku hiyo hiyo. Hakuwa mbwa."

Akageuza mdomo, nikakiweka kikombe chini.

"Nilimpiga yule mbwa bure," akasema.

"Bure kabisa. Kwa hiyo nina fungu lako, baba. Unataka niende nalo kaburini?"

"Lile lilikuwa dogo. La mbuzi."

"Limekaa miaka ishirini na tano. Limekua."

Baba akacheka. Alicheka akilishika lile tumbo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka kwenye macho yake ya njano, na mama akatoka mbio akidhani amezidiwa. Alipotulia akajifuta uso, akasema kwa Kiswahili, "Basi lilete."

Huko India waliniita peke yangu kwenye chumba, na mkalimani. Daktari akaniuliza nani amenilazimisha. Nikamjibu hakuna, mimi ndiye niliyemlazimisha mgonjwa. Mkalimani alicheka kwanza ndipo akatafsiri.

Niliogopa, sitadanganya. Asubuhi ya kupasuliwa miguu ilikuwa ya baridi, na niliwawaza wanangu hadi nikasahau sala niliyokuwa naisali. Nilipozinduka, maumivu yalikuwa makubwa kuliko ya uzazi, na safari hii hakukuwa na mtoto anayelia, hakuna wa kupakatwa. Kwa wiki kadhaa kupiga chafya ilikuwa adhabu. Lakini siku waliponisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kitandani kwake, baba alifungua macho, na weupe wa macho yake ulikuwa weupe tena. Nikasema moyoni, hiyo ni kazi yangu. Nikaisema na kwa sauti.

Tulirudi. Miezi ikapita, vipimo vikawa vizuri, baba akaenda Chemba kwa miguu yake, akachinja mbuzi wa shukrani. Waliosema pombe walikuja wote kula, nami niliwahesabu mmoja mmoja. Baba alikaa kwenye kigoda chake, barakoa ya kumkinga na maambukizi imeshushwa kidevuni, akachoma ini mpaka likawa gumu kama soli, kwa sababu daktari alimkataza nyama isiyoiva vizuri.

Kisha akaomba kisu, akaniita mbele ya wanaume. Akalikata ini, akaniwekea kipande kikubwa kwenye sahani.

"Ini kwa mwanamke?" baba mdogo akauliza.

"Fungu lake," baba akasema. Kisha akanigeukia, sauti chini. "Kaa hapa, ule taratibu."

Nikakaa kando yake, kovu likinivuta kila nilipoinama, nikala taratibu. Ndipo nikaujua utamu wake. Baba akala chake. Kwenye sahani yake kikabaki kipande cha tatu, nikadhani ni cha mama.

Baba akapiga mluzi. Akaja mbwa wa nyumbani, kitukuu cha yule wa zamani, masikio yameanguka, akisita kwa sababu si kawaida yake kuitwa wakati wa nyama. Baba akainama kwa shida, akiwa ameshika ubavu kama ninavyoushika mimi, akamwekea kile kipande mbele ya miguu yake.

"Pole," akamwambia.