Fundi wa Kwetu

Kama hukuwahi kumwona Eliamini Sumari akiifuta nyumba yake kwa kitambaa, basi hujamwona mwanaume mwenye wivu. Wengine huona wivu wa mke, wengine wa shamba. Huyu alianza na ukuta. Zilikuwa siku za Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha, na Eliamini alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao cha mzungu mmoja kule juu ya Momela, hadi akajua kupiga randa kuliko alivyojua kusali. Aliporudi kwao, mteremko ulio juu ya Tengeru, alijijengea nyumba ya mbao tupu, tena mwerezi, ule wa Mfalme Sulemani. Ubao wa juu uliulalia wa chini ili maji yateleze. Majirani waliokuwa na nyumba za udongo wakaiita sanduku. Yeye akavimba kichwa.

Kila mwaka kabla ya masika aliupiga msasa ukuta wote wa nje, kisha akausugua kwa mafuta ya nyonyo yaliyoyeyushiwa nta ya nyuki, mpaka nyuzi za mti zikaonekana na nyumba ikanukia. Mgeni akiegemea ukuta ule, Eliamini alimletea kiti haraka. Ndiyo ilikuwa adabu yake ya kumwambia mtu toka hapo.

Mkewe alikuwa Soila, binti wa Waarusha kutoka magharibi ya mlima, kwa watu wa ng'ombe. Kimeru alikuwa hakijui, naye Eliamini Kimaa, lugha ya kina Soila, kilimwishia kwenye salamu, kwa hiyo ndani ya nyumba ile walipendana kwa Kiswahili na kugombana kwa hicho hicho. Walikuwa na mtoto mmoja, Tabea, aliyekuwa bado anatambaa.

Sasa, siku moja Eliamini alirudi kutoka gulio la Tengeru, akazunguka nyuma kukagua ukuta kama kawaida yake, akasimama ghafla. Mbao za chini, upande unaopigwa na mvua ya mlimani, zilikuwa zimekandikwa samadi mbichi iliyochanganywa na majivu. Usiseme ng'ombe alijisugua. Ilipakwa kwa mkono, ikalainishwa, vidole vikaacha mistari. Damu ikampanda. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Yoeli, kwa sababu ni Yoeli aliyeanzisha lile jina la sanduku, akamuuliza kama uchafu ule ni wake. Yoeli akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema samadi yake anaipeleka kwenye migomba, na migomba inazaa. Ukuta wa Eliamini utazaa nini? Kisha akaacha kucheka, akamtazama kwa jicho lile la mtu anayekupenda nusu.

"Mimi sijui kitu, bwana," akasema. "Ila kikulacho ki nguoni mwako."

Kuna maneno ambayo afadhali mtu angekutemea mate. Eliamini aliyabeba yale hadi nyumbani, akala nayo, akalala nayo, na asubuhi yalikuwa yamenenepa.

Akaikwangua samadi, akapiga msasa, akapaka mafuta upya. Gulio lililofuata akaikuta imerudi, tena imepanda ubao mmoja juu. Safari hii hakupiga kelele. Alichuchumaa, akaanza kusoma. Kiganja kilichoacha alama kilikuwa kipana. Alipoweka chake juu yake, chake kikaingia ndani. Chini palikuwa na nyayo za katambuga, vile viatu vya tairi, hatua ndefu za mtu asiye na haraka. Kwenye jiwe la mlangoni kulikuwa na ugoro uliomwagika. Yeye hakunusa ugoro, Soila hakunusa ugoro. Ndani akakuta kibuyu cha maziwa kimeoshwa na mkewe anaimba. Kwa nini anaimba? Mwanamke anaimba nini, siku ya gulio, mume hayupo?

Akamuuliza ni nani amekuja. Aliuliza kipolisi, amesimama mlangoni, kofia kichwani. Soila akaacha kuimba, akatazama chini, akasema hakuna mtu. Eliamini akauliza kama ugoro siku hizi unaota kwenye mawe. Soila akamfunga mtoto mgongoni, akamfungua, akamfunga tena, na mwisho akasema kwa sauti ndogo:

"Ni fundi wa kwetu."

Loo! Fundi, tena wa kwao! Ilimchoma mara mbili, wala sijui ipi ilimuuma zaidi: kwamba kuna mwanaume anaingia kwa mkewe yeye akiwa hayupo, au kwamba mwanaume huyo ni fundi na anairekebisha kazi yake. Maana kwa Eliamini fundi ni msumeno na suruali. Na Kiswahili hakikumsaidia hata kidogo. Fundi ni fundi, awe na ndevu, awe na ujauzito. Angeuliza neno moja zaidi, mambo yangekwisha. Hakuuliza. Mtu aliyekwisha kushuku haulizi swali ambalo jibu lake litamnyang'anya shuku yake.

Tangu hapo akageuka askari wa mkewe. Mkewe akienda mtoni, alimsindikiza kwa macho. Akichelewa kuitika, huo ni ushahidi. Akiwahi kuitika, basi ana hatia inayomkimbiza. Kanisani mchungaji alisoma habari za upendo, na Eliamini akawa anatazama viganja vya wanaume wa benchi la mbele kuona kipi ni kipana. Jamani, wivu ni kazi ngumu kuliko kupasua magogo.

Siku ya gulio akaaga. Akabeba kikapu, akashuka njia ya Tengeru hadi kwenye kona, akazunguka kupitia mibuni, akajibanza nyuma ya migomba na tezo yake mkononi, ile anayochongea nguzo. Aifanyie nini, hakujua. Hakukaa sana. Mtu akapanda kutoka bondeni: mrefu, kichwa kimenyolewa kinang'aa, shuka nyekundu begani, fimbo na debe mkononi. Hakubisha hodi. Soila akatoka, akainamisha kichwa, na yule mtu akamwekea kiganja juu ya utosi, taratibu, kama mtu wa nyumbani. Mwenye akili tulivu angejua ile ni salamu ya mkubwa kwa mdogo. Eliamini alikiona kiganja tu.

Mtu akazunguka nyuma, akapiga magoti ukutani, mgongo kwa migomba, akaanza kukandika. Eliamini akatoka mbio, akamkamata bega, akamvuta kwa nguvu.

"Leo utanieleza," akasema, "mke wangu umemzoea tangu lini."

Aliyegeuka alikuwa mama mtu mzima, masikio marefu yenye shanga, mikono imejaa samadi hadi viwikoni. Soila akapiga ukelele mmoja: "Mama!"

Wewe msomaji wa mjini utasema, si ni mama mkwe tu, amwombe radhi yaishe. Hayaishi. Kwa watu wa Soila, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapishani njiani, na mmoja hatajwi mbele ya mwenzake. Siku ya harusi mama huyu, Resiato, alikaa amewapa watu mgongo, amejifunika gubigubi. Ndiyo maana Eliamini hakumjua. Ndiyo maana pia Soila alitafuta neno la kumwita bila kumtaja, akachagua lenye heshima kuliko yote aliyokuwa nayo. Kwao wanaojenga nyumba ni wanawake, na Resiato alikuwa mjenzi wa kuitwa boma hadi boma. Alisikia binti yake amewekwa kwenye nyumba isiyokandikwa, akaja kuhakikisha, akaikuta kweli iko uchi na mvua inaipiga. Akaona haya kwa ajili ya mwanawe. Basi akawa anakuja siku ambazo mkwe hayupo, kama adabu inavyotaka, kuisitiri kidogo kidogo. Na huyo ndiye Eliamini aliyemshika bega akamtamkia maneno yale.

Mama hakulia wala hakutukana. Alijifunika uso, akakaa akiuelekea ukuta, akamvuta Tabea aliyekuwa akitambaa majanini, akasema na mtoto kwa Kimaa, kwa kuwa na mkwe hawezi kusema. Soila akatafsiri neno kwa neno, machozi yakimtiririka.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako, nilidhani kilicho uchi hapa ni nyumba. Kumbe ni mama yako."

Tezo ikamponyoka Eliamini mkononi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mambo ya mkwe yalikuwa na njia yake. Wazee walikwenda kwa Resiato, mzee mmoja wa Waarusha aitwaye Lengai akitangulia, wakapeleka mtamba na asali, maneno yakasemwa mpaka yakaisha. Resiato akapokea, akasema mkwe wake ni mjinga, si mbaya. Kwa Soila hakukuwa na mtamba wa kupeleka. Kwao hakurudi, alisema ameolewa, hakuja kutembea. Ila ndani ya zile mbao, mahali alipopewa jina la uzinzi bila kuambiwa, hakulala tena. Akachagua mahali kando ya mibuni, na mama yake akaja mchana kweupe, safari hii mkwe ndiye aliyejificha. Wakachimbia fito, wakakandika. Eliamini akatuma mbao, zikarudishwa. Akatuma misumari, ikarudishwa. Akachonga mlango wa mringaringa, akaupaka mafuta pande zote, akauegemeza pale akaondoka. Mlango haukurudishwa, na roho yake ikapata pa kushika.

Masika ikaanza. Siku nyingi alikaa peke yake akisikiliza mvua ikipiga mwerezi wake, nyumba nzuri kuliko zote mlimani, na hakuna mtu wa kumwambia chakula tayari. Jioni moja akavuka ua, maji yakimchuruzika shingoni, akabisha hodi ndani ya shamba lake mwenyewe. Akabisha tena, akangoja.

Mlango ukafunguka. Soila alisimama kizingitini, Tabea mgongoni.

"Fundi wa kwetu kaniomba nikufungulie," akasema. "Huu ni mlango, nimeufungua. Mimi mwenyewe bado, Baba Tabea."