Kucha za Paka na Kochi la Damu ya Mzee

Nyumbani kwetu Bariadi tulikuwa watoto wanne mpaka mwaka ule pamba iliporuhusiwa kununuliwa na yeyote mwenye mzani na lori. Msimu ulipokwisha tukawa watano. Wa tano alikuwa kochi.

Ushirika ulikuwa umezoea kuchukua pamba yetu na kutuachia karatasi na subira. Wanunuzi binafsi wakaja na hela mkononi, na baba, mwalimu wa shule ya msingi mwenye shamba lake la pamba, akaonekana akitabasamu barabarani. Hilo peke yake lilikuwa habari mtaani. Akaenda Mwanza, akarudi juu ya lori la dagaa akiwa amelikumbatia kochi la watu watatu kama anayemzuia mgonjwa asianguke. Kitambaa mahameli, rangi damu ya mzee. Lilinuka dagaa wiki nzima, lakini katika nyumba yetu hakuna aliyekuwa na pua.

"Kochi hili si la kukalia ovyo," baba alitangaza.

Hatukulikalia ovyo. Hatukulikalia kabisa. Liliachwa ndani ya nailoni liliyokuja nayo, juu ya nailoni mama akatandika vitambaa vyake vya kufuma, na sisi tukaendelea kukaa mkekani tukilitazama. Mimi sikuumia sana. Mimi ni mtu wa aibu, wageni wakija huwa nahamia jikoni mpaka waondoke. Kilichoniuma ni kwamba kochi nalo lilikuwa kimya, halisalimii mtu, na kila aliyeingia alilisifu. Mimi kwa tabia ileile naulizwa kama nimemeza ulimi.

Paka tulikuwa naye kabla ya kochi. Mama alimleta kutoka kwao Ipililo ndani ya kikapu, kwa ajili ya panya wa ghala la mahindi. Hakuwa na jina, aliitwa Paka, na kazi yake aliijua. Usiku alilala miguuni pangu. Nilikuwa namsimulia mambo ya shule, kwa kunong'ona, na hakuwahi kuniambia nirudie eti sikusikika. Kwa kweli ndiye kiumbe pekee niliyezungumza naye mpaka nikachoka.

Matatizo yalianza kwa jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walioko ng'ambo ya mto. Alikuja asubuhi moja akasimama uani, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, vifaranga vyangu vinakwisha. Na paka wako ananenepa."

"Ananenepa kwa panya," mama akasema.

"Panya wenye mbawa?"

Kisha akashusha sauti, jambo ambalo kwake lilihitaji juhudi, akasema kwamba paka anayezurura usiku watu huanza kujiuliza ametumwa na nani. Mama yangu anaimba kwaya na haamini kabisa mambo hayo. Jioni ileile akamfungia Paka ndani, akaweka na kitasa.

Kwa hiyo Paka akawa mfungwa wa sebuleni. Wakati huohuo baba mdogo akaja kututembelea kutoka Dar es Salaam, na kwa heshima yake baba akalivua kochi nailoni. Ungeona alivyolivua, taratibu, kama anafungua zawadi ya mtu mwingine. Baba mdogo akakaa, akarukaruka kidogo, akasema, "Kaka, sasa umeingia mjini." Baba akacheka. Wiki haikuisha. Mkono wa kushoto wa kochi ukaanza kutoka nyuzi, halafu sufi, halafu sponji likachungulia nje.

"Nani?" baba akauliza.

Wote wanne tukaonyesha mikono yetu, kucha fupi, tumeoga. Paka wakati huo alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma kwenye mkono wa kulia wa kochi, akiendelea na kazi mbele ya mahakama.

Hapo ndipo baba mdogo akatupa elimu. "Kaka, wenzetu Ulaya wala hawahangaiki. Paka wa ndani anang'olewa kucha, basi. Anabaki mpole kama mto wa kulalia."

"Zote?"

"Zote. Kuna mzungu mmoja pale ninapofanya kazi, paka wake yuko hivyo. Maendeleo, kaka."

Miaka ile maneno kutoka Dar yalikuwa kama bidhaa zilizoanza kujaa madukani kwetu. Hakuna aliyekagua. Baba akalala na wazo hilo, akaamka nalo, akalinywea chai. Na mimi nilikuwa pale mlangoni mwa jikoni, nimeshika sufuria. Nilijua ninachotaka kusema. Nilitaka kusema asing'olewe. Nikaosha sufuria. Nikaiosha tena.

Sasa, aliyekuwa na uwezo wa kung'oa kitu kwenye mnyama ni bwana mifugo, lakini baba alikuwa na shida nyingine. Huku kwetu mwanaume anapimwa kwa ng'ombe. Bwana mifugo anaitwa kwa ng'ombe, kwa mbuzi ukiwa huna haya. Mwalimu mzima atamwitaje kwa ajili ya paka? Baba akatafuta lugha ya kiutu uzima. Akampa ujumbe mwalimu mwenzake aliyekuwa anaelekea mnadani: "Mwambie nina mnyama hapa nyumbani, anaharibu mali. Nataka apunguzwe ukali."

Bwana mifugo alielewa kama ambavyo mtu yeyote wa Bariadi angeelewa.

Jumamosi asubuhi akaingia uani na baiskeli. Nyuma amefunga kamba nene ya katani, na juu ya kamba lile koleo kubwa la kuhasia madume.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka."

"Dume liko wapi?"

"Dume lipi?"

"Si umesema una mnyama mkali? Zizi liko nyuma?"

Baba akakohoa. "Yuko sebuleni."

Bwana mifugo akautazama mlango wetu, juu hadi chini, kushoto hadi kulia. "Liliingiaje?"

Mama akaingiza khanga mdomoni na kukimbilia jikoni, akanikuta na mimi niko hivyohivyo. Tulishikana tukacheka bila sauti mpaka machozi, halafu nikakumbuka huyo mtu amekuja kufanya nini, kicheko kikanikauka.

Ndani, bwana mifugo alikuwa amesimama juu ya Paka aliyelala kochini. "Huyu?"

"Huyu."

"Mwalimu, koleo hili likimgusa huyu, hakuna atakayebaki wa kupona."

"Hatumhasi. Tunamng'oa kucha."

"Kwa nini?"

Baba akaonyesha mkono wa kochi. Bwana mifugo akalizunguka, akalipapasa, akavua kofia. "La Mwanza hili?"

"La Mwanza."

"Ee. Basi nimeelewa."

Nilikuwa nimeweka matumaini yangu kwa mtu huyo. Akafungua mfuko wake akatoa koleo dogo la kwato, akalipangusa kwenye suruali. "Paka sijawahi. Ila pembe nakata, kwato nakata."

"Mnyama ni mnyama," akasema baba mdogo, mtaalamu wetu.

"Anishikie mtu aliyemzoea."

Baba akageuka. "Mwiteni yule wa jikoni."

Nikatoka. Nikampakata Paka mkekani, mbele ya wanaume watatu, nimeinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa masikio yake. Alikuwa anakoroma kwa raha, mjinga yule, akidhani tumekusanyika kumsifu. Bwana mifugo akachuchumaa, akabonyeza mguu wa mbele, ukucha ukatokeza.

"Nikate wapi?"

"Hadi kwenye mzizi," akasema baba mdogo. "Usiache kitu."

Nilikuwa nimeushika mguu ule usiku mwingi kuliko ninavyoweza kusema. Nilijua ukucha ule hauko kama wangu, juu ya nyama. Ukiubonyeza unatoka pamoja na kifundo cha mwisho cha kidole. Ukisogea, nacho kinasogea.

"Hauna mzizi," nikasema.

"Anasemaje?" akauliza bwana mifugo.

"Huyu huwa hasemi," akajibu baba mdogo.

"Hauna mzizi," nikasema tena, na safari hii nikajisikia mwenyewe, sauti mbaya, kama ya mtu mwenye mafua. "Ukucha umeshikana na mfupa. Ukiutoa wote unakata kidole. Hapa." Nikanyoosha kidole changu nikabana kifundo cha mwisho, kile cha juu. "Hapa, baba. Kila kidole."

Baba akatazama kidole changu. Halafu akatazama vyake, vile anavyoshikia chaki.

"Lakini yule wa mzungu anatembea!" baba mdogo akasema.

"Ulimwona akitembea?" Mama alikuwa amefika mlangoni, khanga imesharudi mabegani.

"Alikuwa kwenye mto wa kulalia."

"Amelala?"

"Amekaa."

"Kila siku amekaa?"

"Shemeji, mimi pale nahesabu mabati, sikuajiriwa kulinda paka."

"Na panya wangu," mama akaendelea, sasa akimwambia baba, "atawakamata kwa kitu gani? Atawaomba?"

Bwana mifugo alikuwa bado amechuchumaa, koleo mkononi. "Mwalimu, mnyama ni wako. Mimi nakata unapotaka."

Nilimbana Paka mpaka akaacha kukoroma. Ningependa kuandika kwamba baba alishawishika na maneno yangu. Inawezekana. Inawezekana pia alifikiria mnadani, bwana mifugo akiwasimulia wenye ng'ombe namna alivyoitwa, akaja na kamba na koleo, akamtahiri paka vidole kwa sababu ya kochi. Mimi si mtu wa kumchagulia baba sababu.

"Acha," akasema. "Kunywa chai."

Bwana mifugo akakaribishwa kochini, akakaa kwa tahadhari, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Baba mdogo akasema sisi watu wa huku tutachelewa sana. Mama akamwongezea sukari.

Baba akabaki amesimama mbele yangu. Nikasubiri adhabu, maana kumsahihisha mgeni mbele ya mgeni mwingine nyumbani kwetu hakujawahi kupita bure.

"Ncha zinakatika?" akauliza.

"Ncha tu. Pale penye wekundu ndani, hapana. Panatoka damu."

"Umejuaje?"

"Nimeangalia kwa taa."

Akaenda chumbani akarudi na mkasi wa kucha wa mama. Akapandisha suruali magotini, akachuchumaa mkekani pamoja na mimi. Paka alikwishatambua kwamba hatumsifu. Alinikwangua mkono wote, akamkwangua baba kifundo, akatoa na maneno ambayo kwa kipaka bila shaka ni matusi. Bwana mifugo akacheka chai ikamtoka puani, kidogo tu imwagike kwenye mahameli, lakini baba hakugeuka. Alikuwa ameukamata mguu wa mbele, amekunja uso kama anayesahihisha mitihani.

"Hapa?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Juu kidogo."

Akasogeza mkasi.