Petroli, Dizeli na Maji ya Jangwani

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya masika ambayo naikumbuka kila mwaka, tangu kabla wewe hujazaliwa, na sijawahi kukusimulia. Leo nitakusimulia, kwa sababu jana ulinionyesha picha tatu kwenye simu yako ukaniuliza uchukue pikapu ipi: ya dizeli, ya petroli, au hiyo ya haibridi inayotumia petroli na umeme pamoja. Ukazisifu moja moja. Hii ina nguvu, hii nyepesi, hii inabana mafuta, tena ukipita nayo mtaani lazima watu wageuke. Niliposikia hilo la watu kugeuka, niliweka kikombe chini. Uliniona nimeinamisha kichwa ukadhani ni usingizi wa uzee. Haukuwa usingizi.

Nilikuwa kijana kama wewe, mwembamba zaidi na mbishi zaidi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni vimejaa madukani mpaka barazani. Nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, nauza bati, misumari na saruji. Mimi na mama yako tulipanga vyumba viwili Magomeni. Saruji ya wateja nilikuwa naipeleka kwa mikokoteni na magari ya kukodi, mpaka tukaona sasa basi, lazima tuwe na gari letu.

Mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, palikuwa na uwanja wa magari yaliyotumika, yameshushwa bandarini juzi juzi. Pikapu mbili zilinivutia. Moja ilikuwa ya dizeli, nyeupe, ukiiwasha inatetemeka yote na kutoa moshi mweusi. Ya pili ya petroli, nyekundu, ina redio, na injini ikiwa imewashwa unaweza kuongea na mtu pembeni yake bila kupaza sauti. Bei zao zilikaribiana. Mama yako alizitazama zote akasema tuchukue ile nyeupe, ndiyo ya kazi. Nikamwambia mambo ya injini aniachie mimi. Mimi, ambaye mpaka siku ile sikujua kubadilisha hata plagi!

Angalau nilikuwa na akili ya kutafuta mtu wa kuzikagua. Nikamwendea Mzee Jayanti, Mhindi mwenye duka la spea Mchafukoge, mtu aliyezaliwa hapa hapa mjini na kusema Kiswahili kizuri kuliko mimi niliyeshuka mlimani juzi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akafunga duka lake akanifuata kwa miguu hadi Gerezani. Alifungua boneti zote mbili. Alisikiliza injini, akaweka kiganja, akanusa mafuta. Kisha hakusema lolote juu ya injini. Aliniuliza naishi wapi, na duka langu liko wapi.

"Magomeni na Kariakoo," akarudia. "Basi kila siku unavuka bonde la Jangwani. Chukua ya dizeli."

Nikambishia kwamba Jangwani hujaa maji siku chache tu kwa mwaka. Ndipo akanifundisha, kwa upole, kama anayemfundisha mwanafunzi mzito. Petroli inawaka kwa cheche. Cheche zinapita kwenye nyaya, kwenye distributa inayozigawa, kwenye plagi, na hivyo vyote vinaogopa maji. Dizeli haina cheche, inawaka kwa kubana hewa mpaka ipate moto, kwa hiyo maji yasipofika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, yenyewe inakwenda tu. Halafu, akasema, wewe unabeba saruji, na dizeli inavuta mzigo polepole bila kulalamika. Akaongeza kwamba nikichukua ya petroli yeye ndiye atakayefaidi, maana kila masika nitakuwa mlangoni kwake nataka plagi na nyaya. Mfanyabiashara anayekushauri dhidi ya mfuko wake, mwanangu, msikilize. Mimi sikumsikiliza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Unajua kwa nini? Naona aibu kulisema, lakini wewe ni mtu wa kwetu, utanielewa. Ilikuwa imebaki miezi miwili ifike Desemba. Unawajua Wachaga na Desemba yao. Miezi kumi na moja tunavumilia vumbi la Kariakoo, tunakula kwa kujibana, ili mwezi wa kumi na mbili tupande mlimani tuonekane tumefika. Nilijiona naingia kwetu Marangu na ile nyekundu, redio inaimba, vioo vimeshushwa. Ile nyeupe nikaiona inaingia na moshi wake kama mashine ya kusaga. Basi nikanunua gari la mwaka mzima kwa ajili ya wiki mbili.

Na wiki mbili hizo nilizipata, siwezi kudanganya. Watoto walilikimbilia tangu barabarani. Baba yangu alilizunguka mara mbili na mkongojo wake, akamwagia tone la mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye tairi la mbele. Binamu yangu alifika na pikapu yake ya dizeli, uso umejaa masizi, tukamcheka mpaka Mwaka Mpya. Mama yangu naye hakulijali gari hata kidogo. Alimtazama mama yako tumboni, akatabasamu, akaenda kumchemshia maziwa. Ujauzito ulikuwa wa miezi mitano.

Hapo najua umeanza kuhesabu. Usihesabu, mwanangu. Hukuwa wewe.

Masika ilianza kwa kishindo mwaka ule. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na siku ya nne, wakati nakunywa chai niende dukani, mama yako akashikwa na uchungu. Nikampeleka kwa mkunga wa zahanati pale pale Magomeni. Yule mama alimpapasa tumbo, akapapasa tena, akaniita pembeni. Mtoto amekaa vibaya, akasema, hapa hapa siwezi, mpeleke hospitali kubwa upande wa mjini, na umpeleke sasa hivi. Kutoka Magomeni hadi kule ni mwendo wa sigara moja. Ila katikati pana bonde la Jangwani.

Tulipofika bondeni maji yalikuwa yamefunika barabara, yamefika karibu na magoti ya mtu mzima. Malori yalikuwa yanapita taratibu. Mbele yangu iliingia pikapu kuukuu ya dizeli iliyojaa kabichi, inanguruma, inatoa moshi, ikapita. Nikaifuata nyuma yake. Mama yako alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Tulifika katikati. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Nikapiga starta. Nikapiga tena. Nilishuka kwenye maji, nikafungua boneti, nikavua shati nifute distributa, lakini shati lenyewe lilikuwa linachuruzika. Nilikuwa nafuta maji kwa maji. Ile pikapu ya kabichi ilikuwa imeshapanda ng'ambo ya pili, naiona, inaishia kona ya kuelekea sokoni. Kabichi zilivuka, mwanangu. Kabichi zilivuka!

Vijana wa bondeni walituletea mkokoteni. Tulimlaza mama yako juu ya mbao, nikamfunika na turubai la saruji, tukasukuma. Tairi la mkokoteni liliingia kwenye shimo tusiloliona, tukanyanyua, tukasukuma tena. Ng'ambo tulisubiri teksi, zilikuwa chache, na wenye teksi waliogopa kumchukua mtu katika hali ile. Sijui ilichukua muda gani. Sikuwa na saa, na hata sasa sitaki kujua.

Hospitalini walimpokea mbio. Baadaye sana alitoka muuguzi mmoja, mama wa makamo, akakaa karibu yangu kwenye benchi. Akaniambia mama ni mzima, nimshukuru Mungu. Mtoto alikuwa wa kike, na hakulia. Kisha akaniuliza tumetokea wapi mpaka tukachelewa vile, pengine alidhani tumetoka mashambani huko.

"Magomeni," nikamjibu.

"Magomeni hii hii?" akauliza.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe si kifungua mimba wetu. Umewahi kujiuliza kwa nini dada yako anayekufuata ana jina la bibi mzaa mama, wakati kwetu binti wa kwanza huitwa kwa mama wa baba? Jina la mama yangu lilikuwa limeshachukuliwa. Nilimpa yule wa kwanza mimi mwenyewe, kimya kimya, nikiwa nimembeba kwenye kanga ya mama yako. Na wewe unajua kwetu mtu hulazwa kihambani, kwenye migomba, karibu na waliomtangulia. Yeye hatukuweza kumpeleka. Tulimzika hapa hapa Dar es Salaam, peke yake, kwenye ardhi isiyo na ndugu yake hata mmoja. Mama yangu alipopata habari aliuliza tu, mmemwacha huko? Nilinunua gari la kwendea nyumbani, na aliyestahili kupelekwa nyumbani halikumpeleka.

Mzee Jayanti alikuja msibani. Alivua viatu mlangoni akakaa nasi mkekani, mchana kutwa. Nilimngoja aseme "nilikwambia." Hakusema. Wiki kadhaa baadaye nikaenda dukani kwake, nikaanza kuitukana petroli na kila aliyeitengeneza. Aliniacha nimalize. Kisha akasema maneno ambayo nimeishi nayo.

"Petroli haina kosa. Wapo wengi wanaendesha petroli na watoto wao wazima. Wewe uliponunua gari uliwafikiria watakaokutazama. Atakayepanda hukumfikiria."

Nililia pale kwenye kaunta mbele ya wateja wake. Hakunibembeleza, wala hakuyapunguza maneno yake. Alinivutia kiti.

Mama yako hajanilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu, ningepata la kujibu. Alichofanya ni kwamba hakupanda tena ile pikapu, alikuwa anakwenda Kariakoo kwa miguu, jua na mvua, mpaka nikaiuza. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuja mapema, tena yamekaa na kuzeeka pamoja nami.

Sasa unataka nikuambie uchukue ipi. Hiyo ya haibridi siijui, betri zake sijui zimekaa wapi wala zinapatanaje na maji. Muulize fundi, tena fundi asiyeuza gari. Kama mizigo yako ni mizito na njia ni mbovu, dizeli bado ni mzee wa kazi. Kama unazunguka mjini na vitu vyepesi, petroli itakutosha, na hiyo mpya huenda ikakupunguzia safari za kituo cha mafuta. Lakini hayo yote yatangulize maswali mawili. Siku mbaya kuliko zote katika mwaka wako, gari hili litakuwa wapi? Na ndani yake atakuwa nani? Usiniambie siku hiyo ni moja tu. Na ukishanunua, usinipigie honi mimi, wala usilikimbize Marangu. Mkalishe mkeo kwanza, mwendeshe taratibu, umuulize analionaje, na akisema hapana, umsikilize. Nimeona tumbo lake, hata kama bado hamjatuambia.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia na akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo. Akujalie watoto, na wote wakuzike wewe kihambani, uzeeni, wewe usimzike hata mmoja wao.