Kisu ya Meza na Visi ya Tatu

Kosa ni yangu. Naisema mbele, mbele sijaanza kuzungukazunguka kama muntu anatafuta mulango na amekwisha kuuona. Jina langu sitaandika, juu haya ingali inanishika.

Shule niliacha mwaka wa ine kwa bapadri. Kama naandika mubaya, munisamehe. Labda hata kuandika hii ni kosa ingine. Sijui.

Wakati ule nilikuwa musaidizi wa mekanisien, fundi wa mashini, mu angare moja ndogo, nyumba ya kutengenezea ndeke, ile ndege inabeba bantu, hapa Elisabethville. Mukubwa wa kazi alikuwa muzungu tuliita Bwana Mbiombio, juu kila kintu kwake ilikuwa mbiombio. Nisimuonee: hakunipiga hata siku moja, na saa ya midi, jua katikati, alikuwa ananiachia nusu ya mukate yake. Nusu yenye jibini! Ile nayo iandikwe.

Siku moja ndeke ya muzungu mwenye shamba kule Lukafu ikaingia angare. Ndeke kadogo, ya bantu babili. Chini ya tablo, ile ubao ya mishale na masaa, pale mwenye kuendesha anatia miguu, kulikuwa kipande ya chuma imepasuka, tuibadilishe. Ilishikwa na visi tatu, ile misumari ya kuzungusha. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu, mama yangu! Ilijificha nyuma ya tiyo, bomba ya petroli, na turunevisi, chuma ya kuzungushia visi, yetu yote ilikuwa murefu. Nililala na mugongo, kichwa chini, miguu juu ya kiti, kama muntu anazaliwa mara ya pili na anaona ni mubaya.

"Mbiombio!" Bwana analalamika. "Mwenye ndeke anaruka kesho!"

"Bwana, mukono inafika. Turunevisi njo haifiki."

"Basi fanya mukono yako ikuwe turunevisi!"

Hapo njo akili yangu mubaya ikaamuka. Nilitaka kintu fupi, nyembamba, ngumu, yenye kukunjwa kama kiwiko. Na nilijua pale inalala.

Jirani yangu Selestini, muntu wa Kasai, karani mu magazini, duka ya nguo, alikuwa anangoja karte ya ba-evolue, ba beusi bazungu banasema bamestaarabika. Ninyi munaijua ile karte: bazungu ba komisio banakuya kwako, banaangalia kama unakula na forsheti, ile uma ya meza, kama kitanda ina drapu, shuka safi, kama choo ina kifuniko. Ukipita, banakupa karatasi inasema umekuwa muntu. Selestini alinunua forsheti sita na bisu sita ya chuma nzuri, na kaua kadogo kamechorwa kwa mukono, pale pa kushikia, ya kila moja. Ilikaa mu sanduku, imefungwa na kitambaa. Hakuna aliikulia hata siku moja! Nyumba nzima banakula bukari, ugali yetu, na mikono, mikono imenawa muzuri, na bisu inangoja komisio.

Nikaenda kwa bibi yake, Mama Beatrisi.

"Shemeji, niazime kisu moja. Niko na mugeni."

"Mugeni gani anakula bukari na kisu?"

"Wa kizungu."

Haikuwa uwongo yote. Visi ilitoka Ulaya.

Akacheka, akatoa. "Shemeji, urudishe. Komisio inakuya siku ya posho, mwisho wa juma."

Mu angare nikaikata, nikaipasha moto, nikaikunja, nikanoa ncha. Nikamwangia visi petroli, nikangoja. Kungoja njo kazi yenyewe! Muntu wa haraka anakula kichwa ya visi, na kisha hapo hakuna turunevisi inaishika tena. Nikapaka mafuta mazito kwa ncha, visi isianguke mu tumbo ya ndeke. Nikasukuma na nguvu, nikageuza polepole. Robo. Robo ingine. Ikalia kama panya, ikatoka!

Bwana Mbiombio akashika kile kisu, akakigeuzageuza. Mangaribi ile ile nikamusikia anaonyesha bazungu benzake: "Nimetengeneza miye mwenyewe." Nisimuonee. Labda alisahau, siku ile alikuwa na kazi mingi.

Lakini miye nikawaza: kintu ya muntu inarudishwa, njo haki. Nikaitia mu mufuko, nikaenda lupango, kiwanja ya nyumba ya Selestini. Mama Beatrisi alikuwa kwa robine anateka maji. Nikafungua sanduku, nikailaza chini ya benzake tano, nikafunga kitambaa vile niliikuta. Sikumwambia kama imekunjwa. Nilisema mu roho: nitamwambia kesho.

Kesho yake Bwana anapiga kelele mu angare: "Turunevisi yangu imeenda wapi? Nani ameiba?" Nikainama, nikaendelea kupanguza mafuta chini. Haikuwa yake, na haikuibwa. Basi nilifikiri swali haikunihusu. Ona akili!

Siku ya posho komisio ikafika. Selestini aliniita niwe shahidi wa tabia yake nzuri. Bazungu batatu bakaingia. Ba kwanza babili sikubajua. Wa tatu, maskini miye, alikuwa Bwana Mbiombio!

Selestini akatandika meza mwenyewe. Kisu ya kwanza, ya pili, mupaka ya tano. Ya sita ikatoka imekunjwa kama kiwiko, ncha nyeusi na mafuta. Akaitazama. Halafu akailaza pembeni ya sahani, pole kabisa, akanyoosha kitambaa.

"Na hii?" muzungu mwenye kuandika akauliza. "Banakula nayo nini?"

"Samaki, Bwana."

Muzungu akamuangalia mwenzake. Hakuna alitaka kuonekana hajui kisu ya samaki. Akaandika! Haki ya Mungu, aliandika! Kama ingeishia pale, Selestini angepita.

Lakini Bwana Mbiombio akaruka. "Hii ni turunevisi yangu! Nimeitengeneza na mikono yangu!" Akanigeukia. "Weye, sema. Ni ya angare ao si ya angare?"

Mama Beatrisi akafungua kinywa. "Bwana, yeye njo—"

"Mwanamuke anyamaze," mwenye kuandika akasema. Na akaandika ile nayo: bibi anasema mbele ya bwana yake.

Selestini akaacha kunyoosha kitambaa. Aliniangalia tu. Shahidi wake.

Nikisema ni kisu ya Selestini, Bwana anakuwa mwongo mbele ya benzake, na kazi yangu inakwisha. Nikatafuta neno ya haki kwa pande zote.

"Ni ya angare, Bwana."

Na si ilifanya kazi mu angare? Nimelipima neno lile miaka hii yote, sijaona uwongo ndani. Na linapita uwongo wote nilisema mu maisha yangu.

Selestini hakupata karte. Inasemekana komisio iliandika: anakula muzuri, lakini anaiba.

Siku ingine Mama Beatrisi akaingia kwangu na kitambaa, akaifungua juu ya meza. Bisu tano, imenyooka, inang'aa.

"Hii nayo ni ya angare," akasema. "Peleka, isitenganishwe na ndugu yao."

Alitoka hakuniita shemeji. Na Selestini, tulikuwa tunakopeshana hata chumvi, sasa tukikutana ananisalimia: "Bonjour, monsieur." Njo vile unasalimia muntu humujui.

Kisu ya sita ingali kwa musumari mu angare. Visi ya kujificha ikitokea, Bwana ananiita: "Leta ile yangu!" Naishika, na kaua kale kanaingia mu kiganja yangu. Tano iko mu nyumba yangu, mu kitambaa yake. Batoto banauliza kwa nini hatukuli nayo. Nabaambia tunangoja wageni.

Ninyi munafanya kazi ya mikono, munisikie. Ukiazima kintu na ukaiharibu, irudishe pamoja na mudomo yako. Na siku muntu anakuuliza kintu ni ya nani, usimujibu ilifanya kazi wapi! Visi ya kujificha ukiipa petroli na wakati, itatoka. Neno la kweli haliko vile. Siku ile lilikuwa linaelekea kutoka, robo tu, na miye nikakula kichwa yake. Leo nalizunguka kila upande, na hakuna turunevisi inalishika.