Meza ya Dirishani

Pilipili iliyochomwa pamoja na ndimu na kitunguu saumu ilitupokea kabla ya mtu yeyote. Ilitoka jikoni mwa mgahawa wa Kireno, ghorofani, Dar es Salaam, ikanikaba koo nikapiga chafya mlangoni. Nilikuwa darasa la tano. Likizo ile nilikuwa nimefuatana na mama kutoka Ilembo, kule Mpanda, yeye akienda kutibiwa macho na mimi nikimshika mkono barabarani. Bandeji zilipotolewa na mama akaona tena, Shangazi Veronika, dada yake baba aliyekuwa na kazi nzuri mjini, akasema lazima tukasherehekee mahali pa maana.

Mama alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya plastiki. Akapita meza zote, akaenda kukaa dirishani. Kwa mtu aliyeishi miezi mingi kwenye ukungu, dirisha lile lilikuwa karamu tosha. Alinitajia kila alichokiona: mabati, nguo zilizoanikwa, kunguru juu ya antena. Kuku akaja amepasuliwa na kubanikwa, mwekundu kwa pilipili, pamoja na viazi na mkate. Shangazi alishika kisu na uma huku akiangalia majirani. Mama aliomba maji, akanawa, akala kwa mkono, taratibu, kama alavyo nyumbani. Mwacha asili ni mtumwa.

Hatukufika hata nusu ya sahani, meneja akaja. Nyuma yake walisimama wageni waliovaa suti.

"Mama, tunaomba mhamie kule nyuma," alisema, akionyesha meza iliyokuwa karibu na choo.

"Tumekosa nini, mwanangu?"

"Hakuna kosa. Ni utaratibu tu."

Shangazi alikuwa ameshabeba mkoba. "Wifi, twende. Tusijiaibishe."

Mama hakuinuka. "Kaa, wifi. Kwetu Ugalla, nilikozaliwa, hata mwenye ugomvi na wewe anasubiri unawe mikono kwanza. Hawa tumewakosea nini?" Kisha akamgeukia meneja. "Nimetoka gizani juzi. Hapa ndipo ninapoona. Sihami."

Miguu yangu ilitetemeka chini ya meza, lakini nilichukua paja la kuku nikaling'ata. Meneja aligeuka, akawapeleka wageni wake kwingine. Mama, ambaye hapendi vitu vitamu, akaagiza vile vikeki vyao vya mayai na maziwa, na kahawa, akavila chembe kwa chembe mpaka jua likahama kwenye kioo. Shangazi alikaa na mkoba mapajani mpaka tulipoondoka.

Leo mama anaishi Nsemulwa, hapa hapa Mpanda, na mji wetu nao una kumbi zenye vitambaa mezani. Kufukuzana kumejifunza adabu: siku hizi wanatabasamu, wanasema wanaomba ushirikiano. Juzi, kwenye semina, kijana mmoja alituomba mimi na akina mama wawili wafuga nyuki tuhamie viti vya nyuma, eti wageni rasmi wako njiani. Akina mama wakaanza kukusanya vitenge vyao. Niliwaambia wabaki, nikavuta kiti changu kikagusana na vyao. Safari hii miguu yangu ilitulia. Wageni rasmi walipofika, walikaa palipokuwa na nafasi.