Treni Niliyoisikia Gatini

Naomba mnicheke mkishamaliza kusoma, si kabla. Juzi nilianza kazi ya usimamizi wa usalama bandarini Dar es Salaam, kwa majaribio, katika kampuni binafsi iliyokabidhiwa kazi ya makontena baada ya serikali kujitoa. Mimi ni wa Mabwerebwere, Kilosa, mtoto wa fundi reli. Kwetu honi nzito ikilia huulizi kitu: unamvuta mbuzi, unashuka baiskeli, unatoka relini.

Gatini nako kuna reli, na watu wanafanya kazi juu yake. Asubuhi hiyo honi ikalia, ndefu na nzito. Sikufikiri. Nikapuliza filimbi mpaka mashavu yakauma.

"Tokeni relini, treni hiyo!"

Wapakuzi wakatupa kamba wakakimbia. Dereva wa kreni akazima mtambo, kontena likabaki linaning'inia. Gati zima likanyamaza, nami nikatunisha kifua, maana nilijiona nimeokoa roho za watu.

Meneja akashuka kutoka ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kazi imesimama kwa nini?"

"Treni inaingia, mama. Nimeisikia mwenyewe."

Akaitazama reli upande huu, akaitazama upande ule. "Inatokea wapi?"

Honi ikalia tena. Kwa uhakika wote wa mtu wa Kilosa, nikanyoosha mkono kule ilikotoka sauti. Watu wote wakageuka kufuata kidole changu, nami nikageuka nao. Kilikuwa kimeelekea baharini, kwenye meli iliyokuwa inaondoka.