Arán ya Mtawa na Majivu ya Maharagwe

Jikoni tulikuwa wanne: mimi, mke wa mwanangu, mjukuu wangu anayesoma chuo na kupanga chumba mtaa wa Shirere, na mgeni kutoka Ayalandi, binti wa kaka yake yule mtawa aliyenifundisha kuoka nilipokuwa msichana. Majina yote ninayo kichwani, ila hapa nimeyaacha.

Mgeni alitaka kuonja mkate wa shangazi yake, aliyezikwa huku kwetu. Nikamwahidi. Kumbe magadi yalikuwa yameisha, na maziwa lala peke yake hayainui unga. Nikachukua musherekha, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe tunayopikia mboga.

"Mama, utamlisha mgeni mkate wa mboga?" mke wa mwanangu akauliza.

"Wewe chochea moto."

Kwao Ayalandi mkate ni arán. Mtawa alinifundisha neno tukikanda. Ukiwa ni ule mkate mnaoujua, ni an t-arán, t inatangulia. Kipande cha mkate ni píosa aráin, mwisho unabadilika. Sifa inafuata nyuma kama kwetu: arán donn, mkate wa kahawia. Tena ni neno la kiume. Nikamuuliza, "La kiume, na wanaume hawaoki?" Alicheka mpaka akamwaga unga. Asili yake, alisema, ni ya kale; wengine wanaitoa kwa kulima, wengine wanakataa. Mimi ya kulima naikubali. Bila jembe utaoka nini?

Basi siku hiyo ya mgeni nikachora msalaba juu ya donge, nikafunika sufuria, makaa juu na chini.

Mkate uliinuka. Mgeni akatafuna polepole, macho yangu kwa mdomo wake.

"Anasema si kama wa kwao," mjukuu akatafsiri. Nikaweka kikombe chini. "Ngoja, nyanya. Anasema shangazi akienda kwao likizo alikuwa anaoka hivi hivi, na mpaka leo hakuna aliyejua anatia nini."

"Majivu," nikasema.

Mgeni akakata kipande kingine. Alipoondoka nilimfungia majivu kwa mkebe.

"Kwa ndege wakimuuliza, atasema ni nini?" mke wa mwanangu akauliza.

"Aseme ni chakula."

Nakumbuka ni mimi niliyemwonyesha mtawa musherekha, siku magadi yalipokosekana misheni. Ama aliyemwonyesha ni yule mama mpishi wa misheni? Kama kuna aliyekuwa jikoni siku ile na bado yuko hai, anisahihishe.